Maneno juu ya Picha za Kifua za Watu Wanaotumia Dawa ya Kifua Kikuu

Tumepewa saa moja ya juma hili ili tunene habari za hospitali. Tulipoulizwa tutanena nini, wengine walitaka tueleze jinsi nyumba zetu zilivyojengwa, na vitanda vilivyokuwamo siku za kwanza. Habari hizo zimekwisha kuandikwa mahali pengine katika kitabu hiki. Sisi tumechagua neno moja dogo, ambalo kwa ajili yake tumeona watu wakirudi nyuma hali walikuwa wamekaribia kupona. Ni habari ya picha ya eksirei ya kifua, na jinsi ya kuifahamu wakati mtu yumo katika dawa za kifua kikuu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwetu mama mmoja, mwuza samaki, mwenye ugonjwa huu mapafuni. Makohozi yake yalikuwa na vijidudu. Akapewa dawa, akazimeza kwa bidii kila siku, na mwisho wa mwezi wa tatu akapigwa picha tena. Picha ile ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Wingu lililokuwa juu ya pafu la kuume lilikuwa limepungua sana. Mmoja wetu, kwa furaha, akaiinua dirishani na kumwambia, "Mama, tazama mwenyewe, kifua chako sasa ni safi." Alisema hivyo ili kumtia moyo, wala hakuwa na nia nyingine. Lakini mama yule aliyapokea maneno kama mtu apokeavyo ruhusa. Akaenda zake, akaacha dawa, kwani aliye safi ameze dawa za nini? Baada ya miezi minane alirudi amekonda, na mtoto wake mdogo mgongoni naye anakohoa. Tulipomwuliza kwa nini aliacha, alijibu kwa upole, "Si ninyi mlioniambia, baba zangu?" Hatukuwa na jibu.

Mwaka uliofuata tukapata jambo lililo kinyume cha hilo. Mwalimu mmoja alimaliza dawa zake miezi sita pasipo kukosa hata siku moja, na makohozi yake yakapimwa mara zote zilizopasa, yakawa hayana kitu. Kisha, akitafuta kazi mahali pengine, akatakiwa apigwe picha ya kifua. Karatasi aliyoletewa iliandikwa kwamba alama za kifua kikuu zaonekana upande wa juu wa pafu la kushoto. Basi kazi hakupewa. Wenziwe wakaanza kumtengea kikombe. Yeye mwenyewe akaamini ya kuwa ugonjwa ungalimo, akawa tayari kuuza baiskeli yake anunue dawa kwa mtu mmoja wa sokoni. Alipotujia, tuliziweka picha zake zote pamoja, ile ya siku ya kwanza na ile ya mwisho, tukamwonyesha ya kwamba alama ile ni kovu, kama kovu la jeraha mguuni. Alikaa kimya kitambo kirefu. Halafu akauliza, "Basi yule aliyeandika karatasi amesema uongo?" Tukamwambia la, ameandika alichokiona, aliyekosea ni yule aliyeisoma karatasi na kudhani imesema kuwa mtu huyu ni mgonjwa.

Mtaona, basi, jinsi picha ilivyomfanya mtu asiyepona ajione amepona, na aliyepona ahesabiwe mgonjwa. Twataka kueleza kwa nini yatokea hivyo.

Katika mwezi wa Novemba mwaka 1895, huko Würzburg katika nchi ya Ujerumani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen alivumbua mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo hupenya karatasi, na mbao, na nyama ya mwili. Kwa kuwa hakujua ni mionzi ya namna gani, aliiita kwa herufi X, kama ninyi walimu wa hesabu mwitavyo kitu msichokijua bado. Jina hilo la kutojua limedumu hata leo, nasi twadhani si vibaya likiwakumbusha wenye kuzisoma picha hizo.

Mtu husimamishwa, kifua chake kikigusa sahani, akaambiwa avute pumzi na kuishika. Mionzi huingia mgongoni na kutokea kifuani. Palipo na hewa hupita pasipo kizuizi, na picha huwa nyeusi. Palipo na mfupa huzuiliwa, na picha huwa nyeupe. Nyama na damu na maji vyote ni kati ya hayo mawili. Kwa hiyo mapafu mazima yaliyojaa hewa huonekana meusi, yenye nyuzi nyeupe za mishipa ya damu zilizotawanyika kama matawi ya mti. Mbavu huonekana zimepangwa kama pao za paa. Moyo ni kivuli cheupe katikati, umeelekea upande wa kushoto. Na chini pana kiwambo kitengacho kifua na tumbo. Mionzi yenyewe haina maumivu. Kiasi chake katika picha moja ya kifua ni kidogo, kadiri ya ile tuipatayo sote kwa asili, kutoka ardhini na angani, katika siku kama 10. Mwanamke mwenye mimba na aseme kabla ya kupigwa picha, ili akingwe vema tumboni. (Wako pia wadhanio kwamba mashine yenyewe ni tiba, na kwamba mtu akipigwa picha mara tatu atapona. Mashine haiponyi mtu.)

Tulishike neno hili: tuonacho ni vivuli vya mapafu. Mtu akiweka mkono wake mbele ya taa usiku, ukutani kutakuwa na kivuli cha mkono. Kwa kivuli kile twaweza kuhesabu vidole, tena kama kidole kimoja kimekatika twaweza kujua. Lakini hatuwezi kujua kama mkono ule una joto au ni wa baridi.

Ugonjwa wa kifua kikuu una desturi zake. Kwa mtu mzima hupenda sehemu za juu za mapafu, nyuma ya mtulinga. Hapo pafu huacha kuwa jeusi, huwa na mawingu meupe yasiyo na ukingo. Mahali ambapo nyama ya pafu imeliwa hufanyika tundu, nalo huonekana mfano wa pete, ukingo mweupe na katikati peusi. Tundu ni jambo la kuangaliwa sana, maana ndani yake vijidudu ni vingi mno, na mwenye tundu huwaambukiza watu kuliko wengine. Pengine maji hukusanyika nje ya pafu, katikati ya ngozi zake mbili, na ile pembe kali ya chini, iliyo kati ya mbavu na kiwambo, hufunikwa na weupe. Kwa watoto, tezi zilizo karibu na shina la pafu huvimba. Na pengine vijidudu hutawanyika kwa njia ya damu, mapafu yote mawili yakajaa vidoa vidogo, sawasawa na punje za uwele zilizomwagwa juu ya jamvi. Hata matabibu wa Ulaya waliupa ugonjwa wa namna hiyo jina litokalo katika neno la Kilatini la nafaka hiyo. Mwenye vidoa hivyo haifai kungojewa. Dawa na aanze upesi.

Walakini dalili hizi hazina mwenyewe mmoja. Homa ya mapafu hufanya wingu. Saratani hufanya kivuli, na pengine tundu. Mavumbi ya mawe waliyoyavuta watu wa migodini hufanya vidoa, na mtu wa migodini aweza kuwa na mavumbi na kifua kikuu pamoja. Tena mtu mwenye virusi vya UKIMWI, ambaye nguvu za mwili wake zimepungua sana, aweza kuwa na kifua kikuu kweli, wakati picha yake haina neno lo lote. Ndiyo sababu daktari ajuaye kazi yake, akiisha kuona kivuli, huomba makohozi. Vijidudu vyenyewe, ambavyo Robert Koch alitangaza huko Berlin tarehe 24 Machi mwaka 1882 kwamba amevivumbua, vikionekana katika makohozi ya mgonjwa ambaye bado hajaanza dawa, mashaka hukoma.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani picha wakati wa dawa. Twaomba mfikiri nyumba ya makuti iliyoshika moto. Majirani wanakuja na maji na mchanga, na moto unazimwa katika saa moja. Lakini asubuhi, mtu apitaye njiani huona nini? Huona majivu, na boriti zilizoungua, na ukuta mweusi. Kuyaondoa hayo yote ni kazi ya siku nyingi, na ukuta ule huenda usirudi kamwe kuwa mweupe. Tena mara nyingine chini ya majivu hubaki kaa moja lenye moto, wala hakuna alionaye. Mwili wa mtu atumiaye dawa u hivyo. Dawa huzima moto. Mwili wenyewe ndio uondoao majivu, nao huifanya kazi hiyo polepole. Picha huonyesha moto na majivu kwa rangi moja.

Kwa hiyo mambo ya kupona hayaendi pamoja. Homa na jasho la usiku hupungua katika majuma machache, hamu ya chakula hurudi, na uzito waongezeka. Makohozi ya watu wengi, wenye vijidudu visivyozoea dawa, hayana vijidudu tena chini ya darubini ifikapo mwisho wa mwezi wa 2. Picha huja nyuma ya hayo yote. Kwa wengi wingu huanza kupungua katika miezi mitatu ya kwanza, huendelea kupungua hata mwisho wa dawa, na kwa wengine hupungua bado kwa miezi mingi baadaye. Maji ya kifuani huchukua majuma au miezi kukauka, na pengine huacha ngozi ya pafu imekuwa nene, na ile pembe ya chini haiwi kali tena kamwe. Tundu huweza kuziba, au kusinyaa, au kubaki wazi, lenye ukuta mwembamba, hali halina ugonjwa ndani yake. Lakini tundu lililoonekana katika picha ya kwanza, pamoja na makohozi ambayo bado yanaotesha vijidudu baada ya miezi miwili, ni ishara kwamba mgonjwa huyo yumo katika hatari zaidi ya kuugua tena baada ya dawa kwisha. Daktari aweza kumwongezea miezi, naye asidhani anaonewa.

Mtu atauliza: ikiwa makohozi yamekuwa safi katika mwezi wa 2, na picha imependeza katika mwezi wa 3, dawa za miezi mingine mitatu ni za nini? Ni kwa ajili ya lile kaa chini ya majivu. Vijidudu vilivyo vingi na vyenye nguvu hufa upesi, lakini vichache hulala, navyo haviuawi ila kwa dawa nyingi za siku nyingi. Hivyo vilivyolala havionekani katika picha, wala chini ya darubini. Hesabu ya miezi sita, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, haikupatikana kwa kutazama picha ya mtu huyu au yule. Katika miaka ya 1970 matabibu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na wenzao wa Uingereza, walijaribu kama dawa za miezi sita zingeweza kushika mahali pa zile za miezi 18 zilizokuwa desturi. Nao, ili wajue nani amepona, waliyapanda makohozi ya wagonjwa wakatazama kama kitaota kitu, wakaendelea kuwaangalia muda mrefu baada ya dawa kwisha, waone ni nani aliyeugua tena. Wazee wetu waliotema makohozi katika vile vikopo hawakupata sifa nyingi, lakini dawa mmezayo leo kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu imetokana na wao. Na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977 kwa msaada wa Daktari Karel Styblo, uliweka darubini na makohozi kuwa msingi, kwa kuwa darubini yaweza kufika hata zahanati isiyo na umeme.

Tusiseme kwa hayo kwamba picha haina faida wakati wa dawa. Mwaka 1948 matabibu wa Uingereza walitangaza habari za dawa iitwayo streptomaisini. Walikuwa wamechagua wagonjwa 107 kwa bahati, kama kwa kura. 55 wakapewa dawa pamoja na kulala kitandani, na 52 wakalala kitandani tu, maana dawa yenyewe ilikuwa haba. Picha zao zilisomwa na watu watatu, kila mmoja peke yake, pasipo kuambiwa ni nani aliyepewa dawa. Baada ya miezi sita, 28 katika wale 55 walikuwa wamepata nafuu kubwa katika picha, na katika wale 52 ni 4 tu. Waliokufa walikuwa 4 upande mmoja, na 14 upande wa pili. Hivyo picha ilishuhudia kweli. Lakini katika miezi iliyofuata wengi wa wale waliopata nafuu walianza kurudi nyuma, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea dawa ile moja. Picha nzuri ya mwezi wa tatu haikuwaonya.

Ni kwa nini wale watatu walisoma kila mmoja peke yake, tena bila kuambiwa? Kwa sababu jicho la mtu hufuata moyo wake. Aliyejua kwamba mgonjwa amepewa dawa, angeona nafuu hata pasipo nafuu. Tena huko Marekani, mwaka 1947, matabibu waliandika jinsi walivyowapa wasomaji mahodari picha zile zile wazisome, wakaona hawapatani. Na msomaji akipewa picha ile ile mara ya pili, haafikiani sikuzote hata na nafsi yake. Sisi tunaozisoma kila siku twakiri ndivyo ilivyo. Mgonjwa akivuta pumzi nusu, mapafu huonekana yana ukungu. Akisimama upande, moyo huwa mkubwa. Kwa hiyo mkisikia ya kwamba "picha ya leo ni mbaya kidogo kuliko ya juzi," na mgonjwa mwenyewe anakula na kunenepa, msikate tamaa. Ulizeni kwanza kama picha zote mbili zilipigwa sawasawa.

Liko jambo jingine ambalo huwatisha watu mno. Mara nyingine, katika majuma au miezi ya kwanza ya dawa, picha huzidi kuwa mbaya kweli. Tezi huvimba, wingu hukua, maji hutokea mahali ambapo hayakuwapo, hali dawa inafanya kazi. Huu ni mwili unaoamka na kupigana na mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Hutokea zaidi kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI aliyeanza dawa za kufubaza virusi karibu na siku zile alipoanza dawa za kifua kikuu. Nguvu za mwili zikirudi kwa haraka, vita huwa kali. Tumesikia watu wakisema, "Dawa hizi mbili hazipatani, acha moja." Wengine wameacha zote mbili, nao hatunao tena. Mtu wa namna hiyo na aje hospitali upesi, akiendelea kumeza dawa zake, maana daktari ana njia za kutuliza vita hiyo, wala haacheshi dawa kwa ajili yake isipokuwa mara chache sana. Lakini haimpasi mtu aliye nyumbani kuamua kwamba jambo ndilo hili. Picha iliyoharibika yaweza pia kuwa ishara ya vijidudu visivyosikia dawa, au ya dawa isiyomezwa, au ya ugonjwa mwingine kabisa. Makohozi hupimwa tena, na mgonjwa huulizwa kwa upole, si kwa ukali, kama amekosa kumeza.

Tuseme neno juu ya kupima makohozi, kwa kuwa hapo nako watu huchanganyikiwa. Iko mashine iitwayo GeneXpert, ambayo hutafuta alama ya urithi wa vijidudu na kuonyesha kama vimezoea dawa ya rifampisini. Ni msaada mkubwa siku ya kwanza. Lakini haichagui kati ya kijidudu kilicho hai na kilichokufa, hivyo yaweza kusema "vimo" kwa mtu ambaye moto wake umekwisha kuzimwa. Kwa hiyo, ili kufuata mwendo wa dawa, makohozi hutazamwa kwa darubini mwisho wa mwezi wa 2, wa 5, na mwisho wa dawa, au hupandwa maabara. Yakiwa bado yana vijidudu mwezi wa 5, jambo hilo ni zito, hata picha ikiwa nzuri namna gani.

Kwa watoto mambo ni tofauti kidogo. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi; huyameza. Vijidudu vyake pia ni vichache. Kwa hiyo picha yake ina uzito kuliko ya mtu mzima. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba mtoto wa tangu miezi 3 hata miaka 16 mwenye kifua kikuu kisicho kikali aweza kutumia dawa kwa miezi 4 tu, baada ya majaribio yaliyofanywa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India. Picha husaidia kujua kama ugonjwa si mkali: hakuna tundu, hakuna vidoa vya uwele, na wingu halikupita sehemu moja ya pafu. Na wakati wa dawa, mzazi asingojee picha ndipo ajue. Kipimo cha mtoto ni mizani. Tezi zake zaweza kubaki zimevimba katika picha kwa miezi mingi, hali yeye anakimbia uwanjani. Walimu, mtoto wa namna hii akiruhusiwa na hospitali kurudi darasani, msimweke kitako peke yake katika benchi la nyuma.

Twarudi kwa yule mwalimu na karatasi yake. Makovu ya kifua kikuu hubaki katika picha za watu wengi waliopona. Huonekana kama nyuzi ngumu nyeupe, au vidoa vyeupe sana vya chokaa. Pengine pafu limevutwa juu, hata koo la hewa limepinda upande mmoja. Picha moja peke yake haiwezi kusema kama kovu ni la mwaka jana au la miaka 20, wala kama ugonjwa u hai au umekufa. Ni picha mbili zenye miezi katikati yake, pamoja na makohozi safi, ndizo zisemazo: alama isiyobadilika, kwa mtu asiye na dalili, huwa ni kovu. Kwa sababu hii twawasihi msizitupe picha za zamani. Tumezikuta zimefanywa kioo cha dirisha la kuku, na moja ilikuwa imefunika chungu. Mkiandikiwa barua ya kumaliza dawa, iwekeni pamoja na picha ya mwisho, kavu, mbali na panya. Mwalimu yule angekuwa na hivyo viwili mkononi siku ile, kazi yake asingeinyimwa, au walau angekuwa na jambo la kujibu.

Hata mashine mpya zina kosa hilo. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali kompyuta isome picha za kifua za watu wa miaka 15 na zaidi, wakati wa kuwatafuta wagonjwa, mahali pasipo na daktari wa kusoma. Nazo husoma vema, tena hazichoki jioni kama sisi. Lakini zimefundishwa kutafuta dalili za ugonjwa kwa watu wasiojulikana. Hazikufundishwa kusema aliyemo katika dawa amepona. Aliyewahi kuugua, kompyuta huona kovu lake na mara nyingi humwita mgonjwa. Basi mkipita katika gari la kupima watu, semeni mapema, "Niliugua mwaka fulani, nikamaliza dawa."

Na aliyepona naye asiseme kwamba hataugua tena kamwe. Ugonjwa huweza kurudi, au kumshika upya. Tena tundu la zamani lililobaki wazi huweza kuotwa na kuvu ndani yake, ikawa kama mpira mdogo, na mtu akatema damu, hali hana kifua kikuu hata kidogo. Njia za hewa zilizotanuka kwa makovu huleta kikohozi na makohozi mengi kila msimu wa mvua. Mtu huyo asimezeshwe dawa za kifua kikuu mara ya pili na ya tatu kwa ajili ya kivuli kile kile. Na apimwe makohozi, alinganishwe picha, ndipo ajulikane anaugua nini. Atemaye damu asingoje siku ya kliniki.

Yule mama mwuza samaki, kwa kuwa mmetuuliza mlipokuwa mnakula, alianza dawa upya, makohozi yake yakapimwa kwanza yaonekane kama vijidudu vimezoea dawa, havikuwa vimezoea. Alimaliza. Mtoto wake pia alimaliza. Picha yake ya mwisho ina kovu kubwa kuliko lile ambalo lingekuwapo kama sisi tungalinyamaza siku ile, naye hushindwa kupanda mlima wa sokoni kwa pumzi moja.

Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuwaonyeshe picha zake tatu, jina lake likiwa limefunikwa. Tumezitundika pale dirishani upande wa mashariki, ambako jua linaingia vizuri saa hizi: ya siku ya kwanza, ya mwezi wa tatu, na ya mwisho. Walimu watangulie, kisha wazee, na watoto waje mbele kabisa ili waone. Itazameni kwanza ile ya katikati, mtuambie kama ninyi mngalimwambia nini.